Shauri ni la mteja: uzi kwa mawakili chipukizi na kwa kila mwenye shauri la madai mahakamani

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa mashauri ya madai: mikataba iliyovunjwa, viwanja vilivyouzwa kwa watu wawili, mikopo, na fidia. Nimekusudia kuandika kwa kirefu, na maswali mnayoniuliza nitayajibu humu humu nikiendelea, kwa hiyo naomba subira yenu.

Siku moja alikuja ofisini kwangu mama mmoja mtu mzima kutoka Mbagala Rangi Tatu, amebeba bahasha ya kaki iliyochakaa. Alikuwa na shauri kuhusu nyumba aliyoinunua, na alikuwa na wakili. Kila mwezi alikuwa akipanda daladala hadi ofisini kwa wakili huyo, na kila mwezi alijibiwa kwamba shauri limeahirishwa. Alichoniomba ni kumsaidia kujua tarehe ya kusikilizwa tu. Nilipofuatilia masijala nilikuta shauri lile lilikwisha kufutwa miezi kumi na minne nyuma, kwa kuwa siku lilipopangwa kusikilizwa mdaiwa alihudhuria, lakini mdai hakuwapo, na wakili wake hakuwapo. Ilinibidi mimi, mtu ambaye hakuwa amenijua hata kwa saa moja, nimpe habari hiyo. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sasa hao walikuwa wakiahirisha nini?"

Swali hilo sijalisahau, na ndilo limenifanya niandike. Nimeona mawakili wenye ufasaha wa kupigiwa mfano wakiwapotezea wateja haki zao, na nimeona mawakili wasio na mbwembwe yoyote wakizilinda. Tofauti yao, kwa kadiri nilivyoichunguza, inaanzia katika jambo moja: kama wakili anaamini kwamba shauri ni la mteja, au anaamini kwamba ni lake yeye. Anayeamini kwamba shauri ni lake huona kumweleza mteja hali ya jalada kuwa ni hisani, hutoa taarifa anapopenda na huificha inapomwaibisha. Anayeamini kwamba shauri ni la mteja hulala akijua kwamba ameshika mali ya mtu mwingine.

Niendelee na upande wa sheria wa mkasa ule, kwa kuwa wengi hawaujui. Shauri likifutwa kwa mdai kutohudhuria wakati mdaiwa amehudhuria, mdai haruhusiwi kufungua shauri jipya kwa madai yale yale. Njia aliyonayo ni kuiomba mahakama iliyolifuta ilirejeshe, na maombi hayo yana ukomo wa siku 30 tu kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Yule mama alikuwa na miezi kumi na minne mgongoni. Kwa hiyo, kabla hata ya kuomba shauri lirejeshwe, ilimlazimu kuomba kuongezewa muda, na msimamo wa Mahakama ya Rufani katika jambo hilo ni mkali: kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo, hata ikiwa ni siku moja. Katika shauri la Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya mwaka 2010, Mahakama ilivitaja vigezo ambavyo hadi leo tunavitumia: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii wala si uzembe, na iwapo ipo sababu nyingine nzito, kwa mfano uharamu katika uamuzi unaolalamikiwa, basi izingatiwe.

Na je, kosa la wakili linamwokoa mteja? Kwa kawaida haliwi sababu ya kutosha. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Calico Textile Industries, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba wakili kushindwa kuiangalia sheria si sababu ya kutosha ya kumruhusu mdaawa, yaani mhusika wa shauri, kukata rufaa nje ya muda. Ninyi mnaomaliza mafunzo pale Shule ya Sheria, barabara ya Sam Nujoma, naomba mlitafakari jambo hili kabla ya siku ya kuapishwa. Daktari akikosea, mgonjwa huumia, lakini hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba kosa lile ni lake. Sisi tukikosea, sheria humwambia mteja kwamba kosa letu ni kosa lake, kwa sababu yeye ndiye aliyetuchagua.

Naendelea.

Kazi ya kumwakilisha mteja huanza siku anapoketi mbele yako kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapoiharibu. Mteja anaanza kueleza, dakika tano hazijapita wakili ameshaukata mkasa, ameshautia jina la kisheria, na ameshataja malipo. Mteja wa Kitanzania huanza mbali. Ataanza na marehemu baba yake, na shamba lilivyopatikana, na shangazi aliyekuwapo siku ya kikao cha ukoo. Mwache. Mara nyingi ushahidi wenyewe umo katika maelezo hayo ambayo wakili mwenye haraka anayaona ya ziada, kwa sababu shangazi huyo ndiye shahidi pekee aliyeona fedha zikihesabiwa. Akimaliza, ndipo umuulize maswali magumu ambayo wakili wa upande wa pili atamuuliza katika dodoso, yaani anapomhoji shahidi wa mpinzani wake mahakamani, tena umuulize mlango ukiwa umefungwa, baada ya kumhakikishia kwamba anayokwambia ni siri na kwamba sheria inailinda siri hiyo. Mficha uchi hazai, na mteja anayemficha wakili wake stakabadhi ya fedha alizokwisha kupokea ataumbuliwa nayo kizimbani.

Baada ya kusikiliza, nenda ukaone. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo nilifungua shauri la kiwanja kisichopimwa huko Kivule. Hati ya madai niliiandikia mezani, nikakitaja kiwanja kwa jina la mtaa, kata na wilaya, basi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka mali isiyohamishika inayobishaniwa ielezwe kwa namna inayotosha kuitambua. Kama ina namba ya kiwanja na kitalu vitajwe, na kama haijapimwa, mipaka na majirani wa pande zote ndiyo inayokitofautisha kiwanja na vingine. Tulishinda, mteja akafanya sherehe. Ilipofika hatua ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, dalali wa mahakama alifika eneo lile akakuta viwanja vitatu vinavyofanana, na majirani wawili wakaja juu wakidai kwamba kinachotaka kukabidhiwa ni chao. Tuzo, yaani amri ya mahakama inayotokana na hukumu, ilikuwa karatasi isiyoweza kutekelezeka. Nilimwita mteja, nikamweleza kwamba kosa ni langu, na kazi yote iliyofuata niliifanya bila kumtoza. Tangu hapo sijaandika hati ya madai ya ardhi bila kwanza kuikanyaga ardhi hiyo kwa miguu yangu, hata kama ni Chanika wakati wa masika.

Kuna na mambo madogo ya nyaraka yanayoangusha mashauri makubwa. Mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu hautapokelewa kuwa kielelezo mpaka ushuru huo ulipwe, na si jambo la kugundua shahidi akiwa kizimbani. Nyaraka uliyoiambatanisha kwenye hati ya madai haiwi ushahidi kwa kuambatanishwa; isipotolewa na shahidi na kupokelewa, hakimu ataiona lakini hataitumia. Hati ya kiapo isiyoonyesha mahali na tarehe ilipoapwa ina kasoro, na wakili haruhusiwi kumwapisha mteja wake katika shauri ambalo yeye mwenyewe anamwakilisha. Nimeona maombi mazuri yakiangushwa na pingamizi kwa sababu ya mhuri wa mtu asiyestahili kuupiga.

Sasa niseme juu ya siku, maana hapa ndipo haki nyingi hupotea.

Wakili wa madai asiyehesabu siku ni hatari kuliko wakili asiyejua sheria, kwa sababu asiyejua anaweza kuuliza, lakini siku iliyopita haiulizwi. Ukomo wa kufungua dai la mkataba ni miaka 6. Madhara yasiyotokana na mkataba, kwa kawaida miaka 3. Kudai ardhi, miaka 12. Mdaiwa aliyepokea samansi ya Mahakama Kuu au mahakama ya hakimu mkazi ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake wa maandishi, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 mlango wa kuongezewa muda ni mwembamba mno: uombe kabla muda haujaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, tena kwa sababu ya msingi, na ukikubaliwa unapata siku 10 tu. Anayekusudia kukata rufaa Mahakama ya Rufani anapaswa kuwasilisha taarifa ya kusudio ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Ikiwa mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, umechelewa kuchapwa, siku za kusubiri hazitahesabiwa pale tu ulipoomba nakala kwa barua ndani ya siku zile 30 na kumpa mpinzani wako nakala ya barua hiyo. Barua moja ya mistari minne, na mtu asipoipeleka upande wa pili, rufaa ya mamilioni inaondolewa.

Unapoishtaki Serikali kuna taarifa ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, hata pale unapozidai halmashauri na mashirika ya umma. Mteja akikujia zikiwa zimebaki siku 60 za ukomo kwa dai dhidi ya halmashauri, mwambie siku hiyo hiyo ugumu uliopo, kwa maandishi. Usimpokee kwanza fedha ndipo ukatafute njia.

Ofisini kwangu kuna daftari la ukurasa mpana linaloandikwa kwa mkono, mbali na mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, na kila jalada lina tarehe mbili: ya mwisho ya kisheria, na nyingine siku saba kabla yake. Karani wangu ana amri ya kuniambia tarehe hiyo ya siku saba kabla ikifika, hata nikiwa na wageni. Mfumo wa kielektroniki umetupunguzia foleni na kupotea kwa majalada, lakini mtandao unaweza kukatika saa tano na nusu usiku wa siku ya mwisho, na namba ya malipo usipoilipia ada kwa wakati, nyaraka yako haijafunguliwa.

Ndugu mmoja ameuliza: je, wakili mzuri si yule anayepigana kila hatua kwa ajili ya mteja wake? Nashukuru kwa swali, maana linagusa mahali ambapo taaluma yetu imeelewa vibaya uaminifu kwa mteja. Kupigana kila hatua mara nyingi ni kumtoza mteja kila hatua. Chukua mapingamizi ya awali. Mwaka 1969, katika shauri la Mukisa Biscuit, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, isiyohitaji ushahidi kuthibitishwa, na ikakemea desturi ya kuleta mapingamizi yasiyostahili, yanayoongeza gharama na kuvuruga hoja zenyewe. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunayaleta. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mwaka 2018 Bunge likaongeza katika Sura ya 33 kanuni ambayo sisi mawakili tumezoea kuiita ya oksijeni, kwamba migogoro ya madai itatuliwe kwa haki, kwa haraka, kwa uwiano na kwa gharama inayohimilika. Pingamizi lenye mashiko lilete bila kusita, maana ni haki ya mteja wako. Lakini ukilileta ili kusukuma muda tu, mweleze mteja hivyo, na mweleze ni nani atakayelipia muda huo.

Wakili ni ofisa wa mahakama pia. Hawezi kumdanganya hakimu kuhusu jambo analolijua, wala kuificha hukumu inayombana mteja wake huku akijua kwamba ipo na inaifunga mahakama. Vijana wengi huona majukumu haya mawili yanagombana. Kwa uzoefu wangu hayagombani: jaji aliyekuamini katika shauri la mwaka jana atakusikiliza kwa makini katika shauri la leo, na anayefaidika ni mteja wa leo.

Kuhusu usuluhishi nitasema kwa uwazi zaidi, kwa sababu hapa naona wateja wakiumizwa bila kujua. Sheria inayataka mashauri ya madai yapitie usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na hapa Dar es Salaam Mahakama Kuu ina kituo mahususi kwa kazi hiyo. Mpinzani akitoa pendekezo, hata kama ni dogo kiasi cha kutia hasira, wakili hana mamlaka ya kulikataa moyoni mwake na kunyamaza. Alipeleke kwa mteja, aeleze faida na hasara yake, ataje miaka ambayo shauri linaweza kuchukua pamoja na rufaa, kisha mteja aamue. Nilimwakilisha mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akidai fedha za mzigo. Aliletewa pendekezo la theluthi mbili ya deni, zilipwe kwa awamu nne. Mimi nilitamani kuendelea, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mzuri na nilikuwa na hakika ya kushinda. Yeye akaniambia, "Wakili, fedha ya leo inanunua mzigo wa Ramadhani." Alikuwa sahihi kabisa, na hesabu ile nisingeiona katika sheria yoyote.

Wakuu watatu wameuliza maswali yanayokaribiana kuhusu malipo na namna ya kumjua wakili wa kweli, nitayajibu kwa pamoja.

Kwanza, hakikisha unayemlipa ni wakili. Vishoka wapo, wanazunguka nje ya mahakama wakiwa na suti na mikoba, na nyaraka zao zikigundulika ni mteja anayeachwa na shauri bovu. Mahakama inao mfumo wa e-Wakili mtandaoni, ambapo unaweza kutafuta jina na kuona kama mhusika ana leseni hai ya uwakili kwa mwaka huo. Leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo kuwahi kuwa wakili si sawa na kuwa wakili leo. Pili, makubaliano ya malipo yaandikwe: kiasi gani, kwa kazi ipi hadi hatua ipi, na nani analipa ada za mahakama. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, na wakili asione haya kumwonyesha mteja. Tatu, dai stakabadhi yenye tarehe kila unapolipa, na uitunze. Nne, fedha ya mteja ambayo si malipo ya wakili haitakiwi kuchanganywa na fedha ya ofisi hata kwa siku moja. Wakili anayemkopa mteja bila mteja kujua ameshauacha uwakili.

Aliyeuliza mahakama zetu zinatumia lugha gani: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, ingawa ziko hali ambazo Kiingereza kinaruhusiwa. Nafurahi mno kwa hilo. Hata pale nyaraka zinapokuwa kwa Kiingereza, mimi humsomea mteja hati ya madai kwa Kiswahili, aya kwa aya, kabla hajaithibitisha kwa sahihi yake, kwa sababu wadaawa hufungwa na nyaraka zao. Si haki mtu afungwe na maneno ambayo hakuyaelewa.

Kuhusu malalamiko: wakili aliyekiuka maadili hupelekwa mbele ya Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo inaweza kumwonya, kumsimamisha au kuagiza jina lake liondolewe katika orodha ya mawakili. Kipimo kimewekwa katika Kanuni za Maadili za mwaka 2018. Ndugu aliyetaja Uingereza, ni kweli kwamba kule mahakama zilikuwa na kinga kwa wakili dhidi ya kudaiwa kwa uzembe wake mahakamani, iliyothibitishwa mwaka 1967 katika Rondel dhidi ya Worsley, na kinga hiyo ikaondolewa mwaka 2000 na Bunge la Malodi, likikaa kama mahakama ya juu. Majaji wale waliona kwamba wakili kuwajibika kwa uzembe wake hakumzuii kutimiza wajibu wake kwa mahakama. Nakubaliana nao.

Na wale wote mnaouliza mwisho wa yule mama wa Mbagala.

Kabla ya kufungua maombi nilimwambia kwamba tunaweza kushindwa, na kwamba akitaka kuishia hapo sitamlaumu. Akasema tuendelee. Katika bahasha ile ya kaki alikuwa ametunza stakabadhi saba za malipo aliyokuwa akimlipa wakili wake wa kwanza kidogo kidogo, zote zina tarehe, na zote zilitolewa baada ya shauri kufutwa. Tuliziambatanisha kwenye hati ya kiapo chake, tukaupanga muda wote mwezi kwa mwezi, tukaonyesha kwamba mtu huyu hakuwahi kulala, bali alikuwa akifuatilia shauri ambalo halikuwapo na kulilipia. Mahakama ilikubali kuongeza muda, na baadaye shauri likarejeshwa.

Lakini mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeshuhudia mauziano, shahidi ambaye tulimtegemea kuliko wote, alikwisha kufariki dunia katika miezi ile kumi na minne. Nilimpa mama tathmini yangu bila kuipamba: dai lake lilikuwa la kweli, ila ushahidi uliobaki ulikuwa mwembamba. Mdaiwa alipoleta pendekezo la kumrudishia sehemu ya fedha zake, alilifikiria kwa wiki moja na wanawe, akakubali, tukasaini hati ya maridhiano ikasajiliwa kuwa tuzo ya mahakama. Alipata kama nusu ya kile ambacho, kwa maoni yangu, angekipata kama mtu mmoja angehudhuria mahakamani asubuhi ile, au kama angeambiwa ukweli siku ya pili yake.

Siku ya kufunga jalada nilimkabidhi nakala za nyaraka zote, moja baada ya nyingine, akizihesabu. Alizitia katika ile ile bahasha ya kaki.